Hesabu za Zizini: Nilivyokwenda Dodoma kwa Kupitia Balangdalalu

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza swali lile lile: ni kweli nilifundisha ng'ombe? Ndugu zangu wa kwaya, hata ninyi mliniuliza pale nje ya kanisa, nikakataa kujibu. Nikisimulia kwa mdomo mnacheka kabla sijafika popote, na mimi mnajua hasira zangu ziko karibu. Nikawaambia nitaandika. Basi ni kweli, nilifundisha ng'ombe. Lakini someni mpaka mwisho ndipo mcheke.

Kwa yule ambaye hakujua nilikuwa nahangaika na nini, mambo yalikuwa hivi. Nilirekodi masomo ya kuzidisha kwa sauti yangu, nikayaweka kwenye memori kadi, kadi zikatiwa kwenye simu ndogo za batani, na simu zikapelekwa Balangdalalu kwa Mwalimu Gidamis niliyesoma naye chuo cha ualimu. Lengo lilikuwa watoto wanaoshinda na mifugo wasikilize hukohuko malishoni. Sasa simu zenyewe ni za kuazimwa. Waliotuazima walikwisha sema muda wao umekwisha, na kama kwenye kongamano la teknolojia ya elimu kule Dodoma hatapatikana mwingine wa kuubeba mradi, zirudishwe zote. Mimi ndiye nikaitwa kuwasilisha mada. Nilipewa dakika kumi, na niliambiwa nisifike bila video ya wanafunzi wakijifunza.

Kwa sababu ya hiyo video, badala ya kushuka Babati na kupanda basi kama watu wengine, ikabidi nizunguke Haydom, Basotu na Balangdalalu. Huo mzunguko ndio ulionitia kwenye midomo yenu.

Dongobesh: itifaki na vitunguu saumu

Mazoezi ya kuwasilisha nilifanyia ofisi ya walimu. Mwalimu mkuu alijiteua kuwa mtunza muda, na pia akajiteua kuwa mgeni rasmi ili nizoee. Nikaanza na mada, akanisimamisha. Akasema huwezi kwenda mbele za watu Dodoma ukaanza na mada kama mtu asiye na wazazi. Lazima itifaki. Nikamwambia siku hizi watu husema tu itifaki imezingatiwa, mambo yanaendelea. Akasema huo ni uvivu wa mjini.

Basi nikamtambua mgeni rasmi, nikawatambua wawakilishi wake, viongozi wa serikali, viongozi wa dini na madhehebu yao, wenyeviti waliopo na waliotuma udhuru, wafadhili, waandishi wa habari, na wazazi wote popote walipo. Nilipovuta pumzi niseme jina la mradi, kengele ikalia. Muda umekwisha. Walimu wakapiga makofi, na mwalimu mkuu akanipa mkono akasema hotuba imekamilika. Nikamuuliza mada je? Akasema mada watajisomea.

Niliondoka na lori la Tluway, yule dereva wa vitunguu saumu anayekaa karibu na mashine ya kusaga. Mimi nilikaa mbele, na begi langu lenye ile gauni mliyonishonea likawekwa nyuma juu ya magunia, kwa usalama, alivyosema yeye. Tulipofika Haydom nikafungua begi nitoe kanga. Jamani. Gauni ilikuwa imeiva. Ungeikata vipande ukaungia nyama. Nilimsema Tluway mpaka watu wakageuka, naye akanisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema nishukuru, maana kitunguu saumu hufukuza nyoka. Nikamuuliza kama Dodoma kwenye kongamano kuna nyoka. Akasema yeye hajafika.

Basotu: suluhisho linaloingia mfukoni

Basotu tulikuta siku ya mnada. Tluway akasema tunasimama kidogo tu amsalimie rafiki. Kidogo ya Tluway mnaijua. Alisalimia rafiki, akasalimia na mbuzi mzima aliyekuwa anachomwa, na mimi nikaletewa mbavu juu ya kipande cha boksi, pamoja na chumvi na pilipili. Nilikula nikiwa nimesimama. Ilikuwa nyama nzuri, siwezi kusema uongo kwa sababu ya hasira.

Baada ya kula niliona Tluway ndiyo kwanza anavua koti. Nikaamua nifanye mazoezi. Nikaenda nyuma ya lori, nikapanda juu ya kreti ya soda, nikageukia upande wa ziwa nisione watu, nikaanza kwa sauti ya kongamano.

"Ndugu zangu, tatizo hili limetusumbua kwa miaka mingi. Watoto wetu wanaumia. Wengine wamekwisha kata tamaa. Lakini leo nimekuja na suluhisho, dogo kabisa, linaloingia mfukoni."

Nikainua memori kadi juu. Nilipogeuka nikakuta nimezungukwa. Mbele kabisa alikuwa mama mmoja mwenye kapu, akaniuliza kama inachemshwa au inatafunwa. Nyuma yake mzee wa Kibarabaig mwenye shuka jekundu na fimbo akataka kujua ya mgongo ni ngapi kwa siku. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akarudia swali lake. Nikawaambia hii siyo dawa. Wakatikisa vichwa kwa kuelewa, maana wauza dawa wote wa minadani huanza hivyo hivyo: hii siyo dawa, ni lishe. Nikasema ni ya hesabu. Mama wa kapu akasema mume wake anasumbuliwa sana na hesabu, hasa akitoka kilabuni, nimpe mbili.

Hapo akatokea muuza dawa mwenyewe, na spika yake imefungwa kwenye baiskeli, amekasirika kwamba namharibia eneo. Nikamweleza habari zote, kuanzia simu mpaka kongamano. Hasira zikamtoka, akaanza kunihurumia kama mtu wa kazi moja. Alisema kosa langu ni kuongea sana kabla ya kuonyesha mzigo. Yeye hutoa kwanza ile minyoo iliyo kwenye chupa, watu wakishashtuka ndipo anawaamkia. Nikamshukuru. Tluway aliporudi akanikuta bado nimezungukwa, akapenya mpaka mbele, akauliza kama ipo ya meno.

Balangdalalu: wanafunzi wenye mikia

Mwalimu Gidamis alinipokea barabarani na tukatembea mpaka kwa Mama Gidahuda, mwenye boma ambalo alisema ndilo linaloitumia simu kuliko maboma yote. Nilimwamkia bibi wa pale, mama mkwe wake, nikaamkiwa na wakwe na mabinti, nikakaribishwa maziwa ya mgando kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Nilikunywa, nikaongezewa, nikanywa, nikaongezewa. Nilipoweka mkono juu ya kibuyu kuonyesha nimeshiba, bibi akadhani nakishikilia, wakaongeza tena.

Nikauliza simu iko wapi. Mama Gidahuda akanipeleka zizini. Ilikuwa inaning'inia kwenye nguzo, ndani ya kimfuko cha ngozi kilichoshonewa shanga. Moyo wangu ulifurahi sana kuona imetunzwa hivyo. Nikauliza kwa nini iko zizini na siyo malishoni kwa watoto, na Gidamis akaanza kukohoa.

Ukweli ukatoka taratibu. Kwao ng'ombe hukamuliwa kwa kuimbiwa. Akishazoea sauti fulani, bila hiyo anabana maziwa, hata umletee ndama wake. Msimu wa mvua Mama Gidahuda alipatwa na kikohozi, sauti ikapotea kabisa, na ng'ombe wake bora, mweusi mwenye paji jeupe, akakataa kukamuliwa. Jioni moja watoto wakawa wamefungulia somo langu pale karibu. Nikasema saba mara moja, na yule mweusi akaachia maziwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikamulisha ng'ombe asubuhi na jioni, kwenye boma ambalo sijawahi kukanyaga.

Nilikasirika, jamani. Yale masomo niliyarekodi nikiwa nimejifunika blanketi kichwa kizima ili jogoo wa jirani asisikike. Nilimwambia Gidamis kwamba sikusomea ualimu kwa ajili ya mifugo, kwamba Dodoma nitaonyesha nini, na kwamba yeye alijua akanyamaza. Nilisema mengi. Gidamis akamgeukia Mama Gidahuda akatafsiri maneno kama manne, huku anatabasamu, na yule mama akanishukuru.

Ng'ombe wakarudi jioni. Ndama wakaletwa, wanawake wakachutama na vibuyu vyao, simu ikabonyezwa. Kimya. Chaji ilikuwa imekwisha, na mwenye duka la kuchajia pale senta alikuwa amekwenda mnadani Basotu. Yule mweusi akasimama miguu imara, maziwa ameyabana. Wakangoja kidogo. Halafu mmoja mmoja, wote wakanigeukia mimi.

Niliingia zizini na viatu vyangu vya Dodoma. Nikasema jinsi rekodi inavyoanza: habari za leo, wanafunzi wapenzi. Ng'ombe wote wakageuza vichwa. Sijawahi kusikilizwa namna ile na darasa lolote. Nikaanza jedwali la saba, na yule mweusi akalegea, maziwa yakaanza kulia ndani ya kibuyu, nikaona kweli natia bidii, hata nikaanza kutembea kati ya mikia kama ninavyotembea kati ya madawati.

"Saba mara nane," nikasema, nikanyamaza, kama nilivyofanya kwenye rekodi ili mwanafunzi apate nafasi ya kujibu.

"Hamsini na sita," zizi zima likajibu.

Walikuwa ni wao. Mama Gidahuda chini ya yule mweusi, wakwe wawili, mabinti, watoto walioshika ndama, na bibi mwenyewe pale mlangoni na mbuzi wake. Hakuna aliyeinua kichwa. Mikono ilikuwa inakamua na midomo inajibu. Nilifurahi mpaka nikasahau nilikuwa nimefika wapi.

"Madamu, endelea," Mama Gidahuda akasema kutoka chini. "Huyu anabana."

Nikaendelea. Gidamis alikuwa anapiga video tangu mwanzo kwa simu yangu, lakini alisimama nyuma ya ng'ombe, hivyo robo tatu ya picha ni makalio ya yule mweusi, na binadamu wanaonekana kwa chini wakibahatika. Baada ya kukamua nikataka kujua kama wanaelewa au wanaimba tu. Nikamuuliza Mama Gidahuda, ng'ombe saba wakiwa na chuchu nne nne, zote ni ngapi. Akaangalia zizini akasema ishirini na nane, ila yule wa kona chuchu moja imekufa, kwa hiyo andika ishirini na saba. Nikaandika.

Ndipo nikawaambia habari ya simu, kwamba huenda zikarudishwa. Mama Gidahuda Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini hili alilisema mwenyewe, bila Gidamis.

"Simu ikiondoka, nitaimba. Ng'ombe hana shida. Shida ni yangu. Mimi sikupelekwa shule. Hii ndiyo ilinifuata hapa."

Nilimwambia nitajaribu.

Katesh: maua juu ya ng'ombe

Kesho yake Gidamis alinifikisha Katesh kwa pikipiki. Mlima Hanang ulikuwa umejifunika mawingu. Nikafua gauni gesti, nikaianika, ikakauka vizuri, ikarudi na harufu yake ile ile, sasa na kidogo ya zizini.

Video ilihitaji kufupishwa na kuwekwa kwenye flashi yangu yenye slaidi. Pale mjini nikaelekezwa kwa dada mmoja, Neema, fundi wa video za harusi. Nikamweleza akate mwanzo na mwisho, basi. Akasema nikale nirudi. Nikaenda nikala ugali na perege, nikarudi nimetulia kabisa.

Neema alikuwa ameona aibu kunipa kazi isiyo na mapambo. Video ilianza na maandishi ya dhahabu, Siku Yetu ya Furaha. Halafu moyo mwekundu ukafunguka katikati kama mlango, na ndani ya moyo yakatokea yale makalio. Maua ya waridi yakaanza kunyesha. Ng'ombe alipopunga mkia, mkia ule ulikwenda polepole, ukarudi polepole, mara tatu. Nikamwambia atoe vyote. Akasema ile isiyo na mapambo ameshaifuta, hata kwenye simu yangu, na basi la Dodoma lilikuwa linapiga honi pale stendi. Nilimwomba walau atoe wimbo wa bwana harusi alioubandika juu yake ili sauti za watu zisikike. Akautoa, kwa uchungu, akisema naiharibu.

Ndani ya basi nilikaa na baba mmoja mpole aliyeniamkia vizuri, akauliza safari, kisha akafungua dirisha. Baada ya Singida akahamia kiti cha nyuma na kuku wake.

Dodoma: dakika kumi

Ukumbini waliotangulia walikuwa na vibao vya kugusa, miwani ya kuvaa unaona mwezini, na maneno ambayo mwalimu mkuu angeyapenda. Nikaitwa. Kijiti changu cha flashi kikachomekwa, na hapo ndipo nilipogundua kwamba Neema, ili maua yapate nafasi, alifuta slaidi zangu zote. Lilibaki faili moja tu.

Nikafikiria itifaki yote ya Dongobesh, wazazi wote popote walipo. Halafu nikamkumbuka yule wa Basotu na chupa yake ya minyoo. Nikasema, wekeni video.

Siku Yetu ya Furaha. Moyo ukafunguka. Ndugu zangu, ukumbi ule ulicheka mpaka mtu mmoja akatoka nje na chupa yake ya maji. Maua yalivyonyesha ndivyo walivyozidi, na ule mkia wa polepole ulimaliza kabisa waliokuwa wanajizuia. Masikio yalinichoma. Nikamwambia fundi mitambo aongeze sauti mpaka mwisho. Ikasikika sauti yangu, saba mara nane, kisha wale wengi wakijibu kwa pamoja. Vicheko vikapungua. Ikaja saba mara tisa, wakajibu, na ukumbi ukawa unasikiliza. Nikaeleza kwa maneno yangu nani yuko chini ya kila ng'ombe. Habari ya chuchu iliyokufa nikaieleza pia, wakacheka upya, lakini vizuri.

Mwenyekiti wa jopo la elimu, mama mmoja wa taratibu, alisema amefurahi kuliko siku zote za kongamano. Akasema pia kwamba hakuna majaribio ya kabla na baada, hakuna namna ya kujua nani kajifunza nini, na mradi uliandikwa kwa ajili ya watoto malishoni, siyo kina mama zizini. Yote yalikuwa kweli. Jioni miradi iliyochaguliwa ikasomwa, na wangu haukuwemo. Nilikaa kwenye kiti namuwaza Mama Gidahuda, na nilijisikia vibaya sana.

Akanifuata baba mmoja aliyekaa kiti cha mwisho siku nzima. Alitoka kwenye taasisi ya mambo ya maziwa, ametumwa akiwa na fungu la fedha za vifaa vya mafunzo kwa wafugaji, na tangu asubuhi hajaona mfugaji hata mmoja. Aliniuliza yule mweusi anaachia maziwa zaidi akisikia saba au akisikia sita. Nikamwambia sijui, mimi ni mwalimu wa hisabati. Akasema hilo litapimwa. Wao watazichukua simu zote na kuzilipia, kwa masharti: kila muhula niandike ripoti ya maziwa, na simu zikae zizini, zifunguliwe wakati wa kukamua tu.

Hasira ikanipanda tena. Nikamwambia mle zizini kuna watu, na ndio wanaojibu. Akasema amewasikia, na ameguswa, ila fungu lake ni la ng'ombe. Nikasaini.

Nje ya ukumbi

Nilimpigia Gidamis nikiwa bado nimesimama mlangoni. Akakimbia na simu mpaka kwa Mama Gidahuda, nasikia pumzi zake njia nzima. Nikamweleza yule mama kila kitu bila kuficha: kwamba kwenye elimu tumekosa, kwamba simu zinabaki, kwamba zimepewa ng'ombe, na kwamba ni wakati wa kukamua tu, basi.

Nikasikia ndama, na bibi akiuliza jambo kwa mbali.

"Wakati wa kukamua tu," akarudia.

Nikamwambia ndiyo, mama, ndivyo nilivyosaini.

"Haya," akasema. "Basi tutakamua polepole."